Dhambi, jinai na "kinyume cha asili": tunabishania sheria ipi?

Kila mjadala mkali kuhusu maadili hufika mahali palepale. Uwe wa adhabu ya kifo, utoaji mimba, rushwa au ndoa, wa kwanza anasema, "Sheria inaruhusu." Wa pili anamkatiza, "Hata kama inaruhusu, ni dhambi." Wa tatu anaingilia: "Dhambi ni ya wanaoamini. Mimi naona tu si haki." Wa nne anapigilia msumari: "Jamani, hili ni kinyume cha asili." Wanaachana kila mmoja akijiona mshindi, kumbe hakuna aliyemjibu mwenzake. Wametumia neno moja, sheria, kwa vitu vinne.

Tuvitenganishe kwanza. Kuna sheria ya nchi: inatungwa na watu, ina siku ya kuanza kutumika, na walioitunga wanaweza kuifuta. Magari yapite kushoto au kulia? Upande wowote unafaa, ilimradi wote tumekubaliana. Kuna sheria ya dini, yaani amri ambazo mwamini anazipokea kwa kuwa anaamini zimetoka kwa Mungu. Kuna sheria ya maumbile, ile ya mwalimu wa fizikia: jiwe ukiliachia linaanguka. Halafu kuna sheria ya maadili, inayosema lipi linastahili kutendwa na lipi halistahili, hata mahali pasipo na askari wala kifungu. Jiwe haliwezi kukaidi sheria yake. Mtu anaweza kukaidi ya kwake, na akishakaidi, sheria inabaki palepale ikimsuta.

Tatizo ni kwamba hii ya nne wanafalsafa waliipa jina la sheria ya asili, na masikio yetu yakisikia "asili" yanakimbilia ile ya tatu: miti, mvua, wanyama. Nusu ya kelele tunazopiga zinaanzia hapo.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinatusaidia kidogo. Tuna "marufuku" na tuna "haramu", na hatuyachanganyi hovyo. Kuegesha gari hapa ni marufuku. Hakuna anayesema ni haramu. Kula mali ya yatima ni haramu hata kama wakili hodari amepata kifungu cha kukuruhusu. Hata "maadili" ni ndugu wa adili na uadilifu, maneno yaliyotoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya haki na usawa. Kwa hiyo msemaji wa kawaida anajua tayari kwamba kuna ubaya unaotokana na katazo, na kuna katazo linalotokana na ubaya. Wagiriki waliligeuza jambo hilo kuwa swali, na swali lenyewe halijapoa mpaka leo.

Mtu aliyemshtaki baba yake

Mwaka 399 KK mwanafalsafa Socrates alifika mahakamani Athens, Ugiriki, kwa ajili ya mashtaka yake mwenyewe, yale yaliyomfikisha kwenye kikombe cha sumu. Plato, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba pale nje alimkuta mtu aitwaye Euthyphro, naye ana kesi. Unamshtaki nani? Baba yangu. Kwa kosa gani? Kuua.

Kisa kilikuwa hivi. Shambani kwao, huko Naxos, kibarua mmoja alilewa, akamkasirikia mtumwa wa nyumba ile, akamchinja. Baba akamfunga yule kibarua mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kwa mjuzi wa mambo ya dini kuuliza afanye nini. Mjumbe akakawia. Huku nyuma hakuna aliyemjali aliye shimoni; muuaji tu huyo, akifa na afe. Njaa, baridi na kamba zikammaliza kabla jibu halijarudi. Euthyphro alipokwenda kushtaki, jamaa zake wakamjia juu: mtoto kumpeleka baba yake mahakamani ni kuikosea miungu. Yeye akajibu kwamba wao ndio wasiojua miungu inataka nini.

Socrates akafurahi sana, kwa kejeli yake ile, kumpata mtu anayejua. Basi mambo ya kimungu ni yapi? Ni yale yanayopendwa na miungu, akasema Euthyphro. Lakini miungu yenu inagombana, mmoja anapenda anachochukia mwenzake. Haya, basi ni yale yanayopendwa na miungu yote. Ndipo likaja swali: jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema?

Ukishika upande wa kwanza, wema unakuwa amri tupu: leo kuua ni vibaya, kesho amri ikigeuka kuua ni vizuri. Ukishika wa pili, kuna kipimo kilicho juu ya miungu, na yenyewe inakuwa kama wanafunzi wanaokisoma. Euthyphro alizunguka, akarudi alipoanzia, mwishowe akasema ana haraka, akaenda zake. Kila anayesema "ni vibaya kwa sababu Mungu amekataza" amesimama alipoacha Euthyphro, ajue asijue.

Asili ya mtu si asili ya buibui

Aristotle (384–322 KK), mwanafunzi wa Plato, hakuanza na amri kabisa. Alianza na swali la fundi: kitu hiki ni cha nini, na kikifanya kazi yake vizuri kinakuwaje? Kisu kizuri ni kinachokata. Mtu mzuri je? Neno alilolitumia kwa maisha yaliyofanikiwa, eudaimonia, mara nyingi hufasiriwa "furaha", na tafsiri hiyo inapotosha, maana furaha yetu huja asubuhi ikaondoka jioni. Kustawi ni karibu zaidi. Mbayuwayu mmoja, alisema, haleti majira ya machipuko, wala siku moja haimfanyi mtu aitwe aliyestawi.

Fadhila kwake ni mazoea. Mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo tunakuwa waadilifu kwa kutenda haki, mara kwa mara, mpaka ikae mwilini. Na fadhila iko katikati ya kuzidi na kupungua: ujasiri uko kati ya woga na kujirusha hovyo. Hapa ndipo wengi wanapomwelewa vibaya, wakidhani anahubiri nusu nusu. Mwenyewe aliliona hilo likija. Ikiwa vipimo kumi vya chakula ni vingi mno na viwili ni vichache mno, anasema, mkufunzi hatamwagiza kila mtu ale sita. Kwa Milo, mpigana mieleka aliyevuma, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni vingi. Halafu akafunga mlango mwingine: kuna matendo yasiyo na katikati. Uzinzi, wizi, kuua. Hakuna kuzini kwa kiasi, na mtu sahihi, wakati sahihi.

Waliofuata, Wastoiko, shule iliyoanzishwa na Zeno Athens karibu mwaka 300 KK, ndio waliolisukuma neno "asili" mbele. Walifundisha kwamba ulimwengu wote unaendeshwa na akili moja, na kila mtu ana cheche yake. Kwa hiyo "kuishi kwa kufuata asili" kulimaanisha kuishi kama kiumbe chenye akili. Anayesema "mbona hata wanyama hufanya" na anayesema "hata wanyama hawafanyi" wote wamebisha mlango usio wao. Kuna aina za buibui ambao jike humla dume. Hakuna funzo la ndoa pale.

Fundisho hilo lilikuwa na meno. Kama kila mtu ana akili ileile, basi nyuma ya sheria za miji yote kuna sheria moja. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma (106–43 KK), aliiweka kwa maneno yaliyonukuliwa karne nyingi: sheria ya kweli ni akili nyofu inayopatana na asili, imeenea kwa wote, na haitakuwa nyingine Roma na nyingine Athens. Bunge haliwezi kuifuta. Miongoni mwa Wastoiko mashuhuri wa baadaye mmoja, Epictetus, alizaliwa mtumwa, na mwingine, Marcus Aurelius, alikuwa kaisari.

Paulo anaingia, Augustino anaharibu hesabu

Ni rahisi kudhani Ukristo ulikuja ukaifuta meza. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinamwonyesha Mtume Paulo akiwa Athens, amezungukwa na Wastoiko na Waepikureo, wafuasi wa shule nyingine ya falsafa, akiwanukulia mshairi wao wenyewe kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu. Na katika Warumi 2:14–15 anaandika jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: watu wa Mataifa, wasio na Torati, wanapotenda yanayoagizwa na Torati, wanaonyesha kwamba imeandikwa mioyoni mwao, na dhamiri yao inashuhudia.

Yaani ile kauli ya kwamba asiye na dini hawezi kuwa na maadili si ya Paulo. Mkristo anayeisema anabishana na Biblia yake. Anachoweza kusema, na ni jambo tofauti kabisa, ni kwamba pasipo Mungu ni vigumu kueleza sheria hiyo ya moyoni imetoka wapi. Kuijua sheria na kueleza chimbuko lake ni vitu viwili, kama vile mtu anavyoweza kusema Kiswahili fasaha maisha yake yote asijue ngeli ni nini.

Lakini kuna mahali ambapo Ukristo uliachana na Wagiriki kweli. Socrates aliamini hakuna atendaye uovu akijua ni uovu. Mkosaji amekosa maarifa, mfundishe. Augustino, askofu na mwandishi wa Kikristo aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, kwenye nchi ambayo leo ni Algeria, alikumbuka usiku mmoja akiwa na miaka 16. Yeye na wenzake waliutikisa mti wa peasi wa jirani, wakabeba mzigo wa matunda. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwake yalikuwepo matunda mazuri kuliko yale. Walionja machache, mengine wakayatupia nguruwe. Kwa nini basi? Augustino anajichunguza kurasa kwa kurasa, na jibu linamtisha: aliupenda wizi wenyewe, na asingeufanya peke yake.

Tukio dogo, la kitoto, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kama mtu anaweza kujua, asiwe na shida, na bado akatenda, basi mwalimu peke yake hatoshi. Augustino aliona utashi wenyewe ni mgonjwa, na mgonjwa anahitaji mganga. Hapo ndipo neno "neema", yaani msaada wa Mungu ambao mtu hakuustahili, linapoingia kwenye maadili ya Kikristo, neno ambalo Aristotle asingejua aliweke wapi.

Fundi, panga na saa

Karne nane baadaye Thomas Aquinas (1225–1274), mtawa na mwanateolojia, alijaribu kukaa na Aristotle na Augustino meza moja. Alipanga sheria katika ngazi. Juu kabisa ni sheria ya milele, yaani mpango ulio katika akili ya Mungu, na yeye mwenyewe anaufananisha na kazi iliyo kichwani mwa fundi kabla hajashika kifaa. Sheria ya asili ni namna mwanadamu anavyoushiriki mpango huo kwa akili yake. Sheria ya binadamu inashusha misingi hiyo kwenye mambo ya kila siku. Na sheria ya Mungu iliyofunuliwa, Agano la Kale na Jipya, inamwongoza mtu kule ambako akili yake pekee haifiki.

Sasa jibu la Euthyphro linaonekana. Kwa Thomas, wema si amri ya ghafla ya Mungu, wala si kipimo kilichosimama nje yake. Mungu ndiye wema wenyewe. Anaamuru kulingana na alivyo. Wapo wanaoona jibu hilo linatosha, na wapo wanaoona limehamisha swali tu. Hata ndani ya Kanisa halikuwaridhisha wote: William wa Ockham, mtawa na mwanafalsafa wa karne ya 14, aliuweka mkazo kwenye utashi wa Mungu kiasi cha kujadili kama Mungu angeweza kumwamuru mtu amchukie Yeye. Mimi naona Thomas ana hoja yenye nguvu zaidi, lakini Mwanzo sura ya 22, Abrahamu na kisu juu ya Isaka, bado inamtoa jasho kila anayeishika.

Watu hudhani sheria ya asili ni orodha ya majibu iliyofichwa mahali, na padri au profesa ana ufunguo. Thomas hasemi hivyo. Msingi wa kwanza ni mpana mno: jema litendwe, ovu liepukwe. Kadiri unavyoshuka kwenye mambo mahususi, uhakika unapungua. Mfano wake ni wa amana, na Plato alikuwa ameutumia unaofanana nao. Kurudisha ulichowekewa ni haki. Lakini rafiki yako alikuachia panga, leo amekuja kulidai macho yamemwiva, anataka kwenda kumkata mtu. Utamrudishia? Hakuna anayehitaji digrii kujibu. Kanuni haijafutika, ila imekutana na hali ambayo mtu mwenye busara lazima aipime.

Jambo lingine linalowashangaza wanaomtaja bila kumsoma: alikataa kwamba kila dhambi igeuzwe kuwa kosa la jinai. Sheria ya nchi inatungwa kwa ajili ya umati ambao wengi wao si wakamilifu, kwa hiyo ikataze hasa yale yanayoumiza wengine, ambayo yakiachwa jamii haiwezi kusimama, kama kuua na kuiba. "Ni dhambi" na "iwe marufuku" ni kauli mbili, na kutoka ya kwanza hadi ya pili kuna daraja la kuvuka kwa hoja.

Na dhamiri? Siku hizi "dhamiri yangu safi" humaanisha tu kwamba sijisikii vibaya. Kwa Thomas dhamiri ni hukumu ya akili, siyo hisia. Ifikirie kama saa ya mkononi. Huna nyingine, kwa hiyo utaifuata hata ikiwa imepotea majira. Kwenda kinyume cha unachoamini ni kweli ni kosa. Lakini ukichelewa kwa sababu hukuwahi kujali kuirekebisha, usiilaumu saa.

Mbona mnakula nguruwe?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, ila ni zuri. Kama Wakristo wanashika "usiue" ya Musa, mbona wanaruka makatazo ya vyakula yaliyo katika Torati hiyohiyo? Na Yesu alisema katika Mathayo 5:17 kwamba hakuja kuitangua Torati bali kuitimiliza. Jibu la jadi, ambalo Thomas alilipanga na wengi wa Waprotestanti wakalichukua, ni kwamba Torati ina sehemu tatu: maagizo ya maadili, ya ibada na ya hukumu za taifa la Israeli. Ya kwanza yanabaki kwa sababu yanalingana na ile iliyoandikwa moyoni. Mengine yalikuwa na wakati wake. Biblia yenyewe haijachora mistari hiyo. Ni usomaji, na wapo wanaoukataa.

"Asili" inapogeuka rungu

Aristotle huyuhuyu aliandika kwamba kuna watu ambao kwa asili ni watumwa. Mwaka 1550 na 1551, Valladolid, Hispania, mwanazuoni Juan Ginés de Sepúlveda aliitumia hoja hiyo kuhalalisha vita dhidi ya wenyeji wa Amerika; Bartolomé de las Casas, askofu wa shirika la Wadominiko kama Thomas, akampinga akisema wale ni watu wenye akili kama sisi. Wote wawili walisema asili. Na karne kumi kabla yao sheria za kaisari Justinian zilikuwa zimeshakiri, kwa maandishi, kwamba utumwa ni kinyume cha asili. Zikakiri, na zikaendelea kuusimamia.

Ndiyo maana wengine hawaliamini neno lenyewe. Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Waprotestanti, aliandika mwaka 1517 kwamba karibu mafundisho yote ya Aristotle kuhusu maadili ni adui mbaya wa neema, ingawa hakuikana sheria iliyo moyoni. Mwaka 1934 mwanateolojia Karl Barth alimjibu mwenzake Emil Brunner, aliyetetea kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa sehemu kupitia asili, kwa neno moja lililokuwa ndicho kichwa cha maandishi yake, "Hapana!", wakati ambapo sehemu ya kanisa Ujerumani ilikuwa ikihubiri taifa na damu kama mpango wa uumbaji. Hofu yake ilikuwa na sababu. Ukimwachia kila mtu asome mapenzi ya Mungu kwenye asili, atasoma anachotaka.

Lakini jaribu kuishi bila hoja hiyo. Utaiambia nini sheria mbaya iliyopitishwa kihalali, kura zikahesabiwa, muhuri ukagongwa? Augustino alisema sheria isiyo ya haki haionekani kuwa sheria hata kidogo. Thomas aliongeza tahadhari: sheria za namna hiyo ni mabavu zaidi kuliko sheria, ila kuna nyakati mtu huvumilia ili asilete vurugu kubwa kuliko dhuluma yenyewe.

Aprili 1963 viongozi wanane wa dini huko Birmingham, Alabama, Marekani, walitoa tamko wakiyalaumu maandamano ya watu weusi na kuwataka wapeleke madai yao mahakamani. Martin Luther King Jr., mchungaji aliyekuwa akiyaongoza, aliwajibu kwa barua. Alimtaja Augustino, akamtaja Thomas: sheria ya haki ni ile ya binadamu inayopatana na sheria ya maadili, na sheria za ubaguzi hazipatani nayo. Halafu akaweka sharti ambalo wanaomnukuu huliacha. Anayevunja sheria isiyo ya haki aivunje hadharani, kwa upendo, na awe tayari kuipokea adhabu. Aliyaandika hayo akiwa gerezani.